Seli haichomi sukari: tufuate hidrojeni

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme jambo kuhusu neno moja dogo. Makala za afya na vitabu vya shule hurudia kila mara kwamba seli "huchoma" sukari ili kupata nguvu. Ni neno rahisi kukumbuka, ndiyo maana limeota mizizi. Lakini humwachia msomaji picha ya moto mdogo ndani ya seli, oksijeni ikiivamia sukari na kaboni dioksaidi ikitoka kama moshi. Picha hiyo ina kasoro karibu kila upande. Mwanafunzi akishaishika, hawezi kueleza kwa nini hamira hufanya kazi pasipo hewa, kwa nini sumu ya sayanaidi huua upesi namna ile, wala kwa nini mgonjwa mwenye upungufu wa vitamini B1 anaweza kuzidiwa baada ya kutundikiwa dripu ya sukari. Yote hayo hufunguka ukifuata kitu kimoja tu: hidrojeni ya sukari inakwenda wapi.

Tuanze na moto wenyewe. Gramu 180 za glukosi, yaani moli moja, zikiungana na oksijeni hadi mwisho hutoa takriban kilojuli 2,870 za nishati inayoweza kufanya kazi. Seli ikiivunja glukosi hiyohiyo mpaka ibaki kaboni dioksaidi na maji, jumla haibadiliki. Kinachotofautiana ni njia. Moto hutoa yote kwa mkupuo, kama joto na mwanga, na joto haliifanyii seli kazi. Injini ya joto huhitaji upande wa moto na upande wa baridi, ilhali seli nzima ina joto lilelile kutoka ukingo hadi ukingo. Nishati ikishageuka kuwa joto ndani ya seli, imepotea kwa kazi zote isipokuwa kupasha mwili. Basi seli haina budi kuikamata kabla haijafika huko, na kuikamata vipande vipande.

Chombo cha kukamatia ni ATP, molekuli ndogo yenye fosfeti tatu. Hapa napo pana kosa la kusahihisha, kwa sababu husemwa kwamba kifungo cha fosfeti "kimebeba" nishati ambayo hutoka kinapokatwa. Kukata kifungo chochote cha kikemia hugharimu nishati, hakitoi. Faida hupatikana kwa kuwa vitu vinavyobaki, yaani ADP (ATP iliyopungukiwa fosfeti moja) na fosfeti, vimetulia zaidi kuliko ATP na maji vilivyotangulia, na pia kwa kuwa seli huhakikisha daima ATP ni nyingi na ADP ni chache. Katika hali sanifu ya maabara, moli moja ya ATP ikivunjwa na maji hutoa kilojuli 30.5. Ndani ya seli hai, kwa sababu ya wingi huo wa ATP, kiasi hukaribia 50. Mwili wa mtu mzima huwa na makumi machache tu ya gramu za ATP kwa wakati wowote, lakini hizo huvunjwa na kuundwa upya mara nyingi kiasi kwamba jumla ya siku moja hulingana na uzito wa mwili wenyewe. ATP si akiba, ni kitu kinachozunguka. Akiba ni glaikojeni, yaani glukosi zilizoungwa pamoja na kuhifadhiwa, na mafuta.

Sasa twende kwenye sukari. Glukosi ikishaingia kwenye seli hutiwa fosfeti papo hapo na heksokinasi, ambayo ni kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha badiliko la kikemia, na ATP moja hutumika. Fosfeti hiyo ina chaji ya umeme, na kitu chenye chaji hakipenyi utando wa seli, hivyo sukari imefungiwa ndani. Hatua ya pili huibadilisha umbo iwe ya jamii ya fruktosi. Ya tatu huongeza fosfeti nyingine kwa gharama ya ATP ya pili, na hapa ndipo penye lango. Kimeng'enya cha hatua hiyo, fosfofruktokinasi, hupunguza mwendo ATP ikiwa tele na huongeza mwendo inapopungua. Hatua ya nne hukata molekuli yenye kaboni 6 katikati, na ya tano huvifanya vipande viwili vya kaboni tatu tatu vifanane ili vyote vipite njia moja.

Mpaka hapo seli imetumia ATP mbili na haijapata chochote. Hatua ya sita ndiyo tungependa kila mwalimu aisimamie kwa muda mrefu kuliko nyingine zote, maana ndipo hidrojeni inapoinuliwa kutoka kwenye sukari kwa mara ya kwanza. Kila kipande hunyang'anywa hidrojeni pamoja na elektroni mbili, na anayezipokea ni NAD, mbebaji anayetokana na vitamini B3. Akishapakia huitwa NADH. Nishati ya unyang'anyi huo hutumika kubandika fosfeti nyingine kwenye kipande, safari hii bila kutumia ATP, na hatua inayofuata huihamisha fosfeti hiyo kwenda kwa ADP. Baada ya hatua ya kumi seli imetengeneza ATP nne. Ukiondoa mbili za mwanzo, faida ni mbili, pamoja na NADH mbili na molekuli mbili za piruvati, ambazo ndizo vile vipande vya kaboni tatu vilipofikia. Kazi yote hii hufanyika kwenye saitoplazimu, umajimaji unaojaza seli, na oksijeni haijaguswa hata mara moja.

Ila NAD ni chache. Seli haina ghala lake. Ina kiasi kidogo kinachopakia na kupakua bila kukoma. NADH zikikosa mahali pa kushusha mzigo, baada ya muda mfupi hakuna NAD tupu iliyobaki, hatua ya sita inasimama, na njia nzima inasimama hata kama glukosi imejaa pomoni. Anayeelewa sentensi hiyo ameshaelewa uchachushaji. Hamira ikikosa oksijeni huitoa kaboni dioksaidi kwenye piruvati, kisha hushusha hidrojeni ya NADH kwenye kinachobaki, na matokeo yake ni kilevi cha ethanoli. Msuli unaokimbizwa kuliko uwezo wa mitokondria yake, yaani vyumba vidogo vya seli vinavyotumia oksijeni, hushusha hidrojeni kwenye piruvati yenyewe, nayo huwa laktati. Katika hali zote mbili hakuna ATP ya ziada inayotengenezwa na hatua hiyo ya mwisho. Kazi yake ni kupakua NAD tu ili hatua ya sita iendelee. Kwa hiyo tunapoandika kwamba uchachushaji "hutoa nishati kwa kutengeneza ethanoli" tumegeuza mambo: nishati ilishapatikana huko juu, na ethanoli ni hidrojeni iliyotupwa pamoja na kile kilichoipokea.

Laktati imesingiziwa mengi. Maumivu ya misuli yanayokuja siku moja au mbili baada ya zoezi kali hayatokani nayo, kwa kuwa hurudi kiwango cha kawaida ndani ya saa moja hivi baada ya kupumzika. Moyo huitumia kama chakula kwa kuirudisha kuwa piruvati. Ini huichukua na kuijenga tena kuwa glukosi, kazi inayogharimu ATP sita kwa kila glukosi, ilhali msuli ulifaidika kwa mbili tu. Mzunguko huo huitwa kwa jina la Carl na Gerty Cori, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1947. Mwili kwa ujumla hupata hasara ya ATP nne, lakini gharama hubebwa na ini lenye oksijeni wakati msuli hauna nafasi ya kusubiri. Chembe nyekundu za damu huishi hivyo maisha yao yote, maana hazina mitokondria kabisa. Hubeba oksijeni ya mwili mzima bila kuitumia kuvunja sukari zao wenyewe.

Jambo hilo la chembe nyekundu lina matokeo ya moja kwa moja maabara. Damu ikishachukuliwa mkononi na kuwekwa kwenye tyubu ya kawaida, chembe zake bado ni hai na zinaendelea kuvunja glukosi. Katika joto la chumba kiwango hushuka kwa takriban asilimia 5 hadi 7 kila saa. Sampuli ikikaa saa tatu mezani, mtu mwenye sukari ya juu anaweza kuandikiwa majibu mazuri kuliko hali yake. Ndiyo sababu ya tyubu yenye sodiamu floridi, ambayo kwa kawaida huwa na kifuniko cha kijivu: floridi huzuia enolasi, kimeng'enya cha hatua ya tisa. Wengi hudhani kwamba damu ikishaingia kwenye tyubu hiyo glukosi imeganda hapo hapo. Sivyo. Enolasi iko mbali chini ya njia, na vimeng'enya vya hatua za mwanzo huendelea kuila glukosi mpaka ATP ya chembe iishe, hivyo kiwango bado hushuka katika saa moja au mbili za kwanza ndipo kitulie. Kwa kipimo cha uhakika sampuli iwekwe kwenye barafu mara moja na plazma, yaani majimaji ya damu, itenganishwe na chembe mapema. Na tyubu igeuzwe taratibu mara kadhaa ili unga wa floridi uchanganyike na damu yote, kwa kuwa unga uliobaki chini hauzuii kitu. Isitikiswe kwa nguvu, chembe zitapasuka.

Tukirudi kwenye seli yenye oksijeni, piruvati huingia ndani ya mitokondria na kukutana na mtambo mkubwa wa vimeng'enya uitwao piruvati dehidrojinasi. Hapo kaboni moja hutoka kama kaboni dioksaidi, hidrojeni hupakiwa kwenye NAD, na kaboni mbili zilizobaki hushikiliwa na mbebaji aitwaye koenzimu A. Mtambo huu hautembei bila wasaidizi watano, na wanne kati yao hutokana na vitamini: B1, B2, B3 na B5. Wa tano ni asidi ya lipoiki. B1, au thayamini, ndiyo huisha upesi kwa mtu asiyekula vizuri au anayekunywa pombe kupita kiasi kwa miaka, kwa sababu akiba yake mwilini ni ndogo. Ikikosekana, piruvati hukwama mlangoni na kugeuzwa laktati hata kama mapafu yamejaa hewa safi, na ubongo, unaotegemea sana glukosi, huumia kwanza. Mgonjwa wa namna hiyo akitundikiwa glukosi peke yake, mzigo unaongezwa kwenye njia iliyoziba na thayamini kidogo iliyobaki inamalizika. Ndiyo maana hupewa thayamini kabla ya glukosi au pamoja nayo. Anayefikiria moto atauliza: kuni zipo, hewa ipo, mbona hauwaki? Picha ya moto haina pa kuiweka vitamini.

Mzunguko unaofuata ni ule uliochapishwa na Hans Krebs mwaka 1937, baada ya jarida la Nature kuirudisha barua yake kwa kukosa nafasi. Mwaka 1953 ulimpa Nobel. Kaboni mbili huungana na kiwanja chenye kaboni nne kupata sitrati yenye kaboni sita. Baada ya hatua nane kaboni mbili zimetoka kama kaboni dioksaidi na kile kiwanja cha kaboni nne kimerudi palepale. Kila zunguko hutoa NADH tatu, mbebaji mwingine FADH2 mmoja, na ATP moja au GTP iliyo sawa nayo. Glukosi moja huuzungusha mara mbili. Wanafunzi hukaririshwa majina yote ya viwanja vinane huku wakiulizwa mara chache sana swali lenye maana: mzunguko huu una kazi gani? Ni mashine ya kuvua hidrojeni. Kaboni dioksaidi ni mifupa inayobaki baada ya hidrojeni kuondolewa.

Hapa tunaomba msomaji achukue kalamu. Hesabu wabebaji wote waliopakia kutoka kwenye glukosi moja: NADH mbili za saitoplazimu, mbili za piruvati dehidrojinasi, sita za mzunguko, na FADH2 mbili. Jumla ni wabebaji 12, kila mmoja na jozi moja ya hidrojeni, yaani atomu 24. Lakini fomula ya glukosi ni C6H12O6. Ina atomu 12 tu za hidrojeni! Nyingine 12 zimetoka wapi? Ukijumlisha hesabu ya njia nzima, zimetoka kwenye maji: molekuli sita za maji huingizwa njiani, hidrojeni yao ikaongeza mzigo wa wabebaji, na oksijeni yao ikaongezeka kwenye kaboni. Ndiyo inayokamilisha atomu 12 za oksijeni zilizomo kwenye kaboni dioksaidi sita, sita kutoka kwenye sukari na sita kutoka kwenye maji. Ile oksijeni tunayovuta puani haimo hata kidogo. Kwa hiyo usemi kwamba "tunavuta oksijeni, inaungana na kaboni ya chakula, tunaitoa kama kaboni dioksaidi" si sahihi, ingawa umechapwa mara nyingi mno. Oksijeni ya hewa hutoka ikiwa maji.

Na inakuwaje maji? Wabebaji hupakua elektroni zao kwenye mlolongo wa protini uliopachikwa katika utando wa ndani wa mitokondria. Elektroni hushuka kutoka protini moja hadi nyingine, kila inayofuata ikizivuta kwa nguvu zaidi, na anayesimama mwisho kabisa ni oksijeni, kwa kuwa huvuta kuliko wote. Elektroni zikiteremka, protini tatu kati ya nne kubwa za mlolongo huo husukuma protoni, yaani hidrojeni iliyopoteza elektroni yake, nje ya utando: kwa kila jozi ya elektroni kutoka NADH protoni 10, na kwa jozi kutoka FADH2, ambayo huingilia katikati ya njia, protoni 6. Protoni zikirundikana upande mmoja, utando hupata tofauti ya volti 0.15 hadi 0.18. Huonekana kidogo, lakini utando wenyewe una unene wa nanomita tano au sita tu, kwa hiyo ukipiga hesabu ya volti kwa mita unapata milioni kama 30. Protoni hutaka kurudi, na mlango wenye faida ni mmoja, kimeng'enya kinachounda ATP, ambacho huzunguka kwelikweli kama gurudumu. Kila mzunguko kamili hutoa ATP tatu. Peter Mitchell alitoa wazo la protoni mwaka 1961 na wengi wakalikataa kwa miaka. Alipata Nobel mwaka 1978. Paul Boyer na John Walker walipata yao mwaka 1997 kwa kueleza jinsi kimeng'enya hicho kinavyofanya kazi.

Tukishajua hivyo, ile namba ya ATP 38 kwa kila glukosi inayochapwa vitabuni haina tena msingi. Ilitokana na dhana kwamba NADH moja hutoa ATP tatu kamili na FADH2 moja hutoa ATP mbili kamili. ATP moja hugharimu takriban protoni nne, ukihesabu zile zinazozungusha gurudumu na ile inayotumika kuingiza fosfeti ndani. Gawanya 10 kwa nne upate 2.5, gawanya sita kwa nne upate 1.5. Sasa jumlisha: ATP nne zilizoundwa moja kwa moja (mbili za faida ya saitoplazimu na mbili za mzunguko), 20 kutoka NADH nane za ndani ya mitokondria, tatu kutoka FADH2 mbili. Zimebaki NADH mbili za saitoplazimu, ambazo haziwezi kupenya utando na hulazimika kukabidhi elektroni zao kwa mjumbe. Mjumbe wa kwanza, anayetumia malati, huzifikisha bila hasara na kutoa ATP tano. Wa pili, anayetumia gliseroli fosfeti, huzishusha katikati ya mlolongo na kutoa tatu. Jibu ni 32 au 30, kulingana na seli. Hata hizo ni za juu kabisa, kwa sababu utando huvuja protoni kidogo wakati wote. Tungefurahi sana kuona mtahini akimpa alama mwanafunzi anayeandika "takriban 30" na kueleza sababu, kuliko anayeandika 38 bila kujua ilikotoka.

Sayanaidi nayo inaeleweka hapa. Hushika chuma kilichomo kwenye protini ya mwisho ya mlolongo, pale elektroni zinapokabidhiwa oksijeni. Damu ya mtu huyo ina oksijeni ya kutosha, na hata damu ya mishipa inayorudi moyoni huwa nyekundu ng'avu kwa kuwa hakuna aliyeichukua. Elektroni zimekosa pa kwenda, mlolongo wote umejaa mpaka nyuma, NADH hazipakuliwi, mzunguko wa Krebs umesimama. Zimebaki ATP mbili za saitoplazimu, na kwa ubongo na moyo hizo hazitoshi.

Dawa iitwayo dinitrofenoli hufanya kinyume chake. Mlolongo unaendelea, tena kwa kasi, lakini dawa hubeba protoni na kuzirudisha ndani kwa njia ya panya pasipo kupita kwenye gurudumu. Nishati yote inageuka joto. Miaka ya 1930 iliuzwa Marekani kwa ajili ya kupunguza unene, na kweli watu walikonda, lakini baadhi walipofuka kwa mtoto wa jicho na wengine walikufa kwa joto la mwili kupanda bila kizuizi. Mwaka 1938 mamlaka za huko ziliitangaza kuwa haifai kwa matumizi ya binadamu. Inasikitisha kwamba bado inauzwa kwa siri mtandaoni na bado inaua. Hakuna kipimo cha kuaminika cha kuiita salama, kwa maana kiasi kinachokondesha na kiasi kinachoua vimekaribiana mno, na hakuna dawa maalumu ya kuitangua. Kichanga ana uvujaji wa namna hiyo kwa asili, katika mafuta ya kahawia mgongoni, ila wake una protini inayoufungua na kuufunga kadiri baridi inavyohitaji.

Kwa walimu wasio na maabara kubwa, hidrojeni inaweza kuonekana kwa macho. Changanya gramu 5 za hamira kavu na gramu 5 za sukari katika mililita 100 za maji ya nyuzi 35 hadi 40 za selisiasi, subiri dakika kama 20, kisha mimina sehemu yake kwenye tyubu mbili. Moja ichemshwe na kupozwa. Tia kila moja matone machache ya methilini bluu, kiasi cha kuleta ubuluu hafifu, na uziache zikiwa zimetulia kwenye maji ya uvuguvugu. Rangi hii hupokea hidrojeni badala ya oksijeni, na ikishaipokea huwa haina rangi. Tyubu hai hupauka, iliyochemshwa hubaki buluu. Juu kabisa ya tyubu iliyopauka hubaki utepe mwembamba wa buluu, mahali hewa inapogusa. Usiuone kama dosari, maana ndio somo lenyewe. Sasa tikisa: ubuluu unarudi kote, kwa sababu oksijeni imeinyang'anya rangi hidrojeni yake. Iache itulie, itapauka tena.

Jaribio likigoma, mara nyingi ni kwa sababu rangi ilizidi, tyubu ilitikiswatikiswa na wanafunzi wenye shauku, au maji yalikuwa ya moto na hamira ikafa. Kwa wanaopendelea kuvika puto kwenye mdomo wa chupa ya hamira, gramu 5 za sukari zikichachuka zote hutoa karibu lita 1.4 za kaboni dioksaidi. Puto halifiki huko kwa sababu sehemu ya gesi huyeyuka majini na mpira wenyewe hukinza. Gesi ikipitishwa kwenye maji ya chokaa hufanya weupe, lakini ukiendelea kuipitisha weupe huyeyuka tena na mwanafunzi aliyechelewa kutazama ataandika kwamba hakuna kaboni dioksaidi.

Mbegu zinazoota ndani ya chupa ya chai nazo zinaonyesha sehemu ya nishati inayogeuka joto. Chupa mbili, moja yenye mbegu hai na nyingine yenye zilizochemshwa na kupozwa, mbegu zote zikiwa zimesuuzwa kwa dawa ya kuua vijidudu. Ukiacha kusuuza, bakteria na ukungu watastawi kwenye mbegu zilizokufa, na chupa hiyo nayo inaweza kupata joto. Mdomo uzibwe kwa pamba, si kwa kizibo, na chupa iinamishwe kichwa chini ili kaboni dioksaidi, iliyo nzito kuliko hewa, itoke. Jaribio hili pia linaondoa ile dhana kwamba mimea hupumua usiku tu. Mbegu hizo hupanda joto mchana na usiku bila kujali saa, kwani kila seli hai ya mmea huvunja sukari muda wote, hata jua likiwa utosini.

Ombi letu kwako, Mhariri, na kwa wachapishaji wa vitabu, ni dogo. Mlinganyo wa upumuaji wa seli huchapwa ukiwa na maji sita upande mmoja tu, na kwa ufupisho huo safari ya hidrojeni yote hufichika. Uchapwe kamili, C6H12O6 + 6O2 + 6H2O → 6CO2 + 12H2O, na chini yake yaandikwe maneno mawili matatu: oksijeni ya hewa (O2) ya kushoto ndiyo iliyomo kwenye maji ya kulia.

Wasomaji wako,
Walimu wa baiolojia na kemia